Meneja Akilala, Mtandao Unarudi

Jumatatu, 3 Machi

Dada, nisamehe. Nimechelewa mpaka naona aibu kushika kalamu. Tulikubaliana kila mmoja aandike shajara yake, halafu tubadilishane kurasa kwenye vifurushi, maana kwenye simu tunaishia kuulizana kama tumekula. Zako zimefika, zimenyooka kama shuka la hoteli. Mimi hata mstari mmoja sina. Sababu ninayo: Meneja ameanza kutembea. Unajua kwa nini mpwa wako tunamwita Meneja. Hana kazi anayoifanya, ila hakuna kazi ya mtu asiyoikagua. Sasa amepata na miguu.

Basi naanza leo, na naanza na habari kubwa. Kompyuta imewaka! Ile ya vipande vipande ulivyonitumia kutoka dukani kwenu. Nimeiunga mwenyewe, juu ya meza ya kulia, kwa bisibisi ya cherehani ya mama mkwe. Imebaki skrubu moja mkononi. Nimeitia kwenye kopo la vifungo, hakuna aliyeona.

Kimepungua kitu kimoja tu. Haishiki mtandao. Ruta iko sebuleni kwa mama mkwe, mimi niko vyumba vya nyuma, katikati kuna ukumbi mrefu. Nilipotaja kupitisha waya, mama mkwe akanijibu kwamba nyonga zake bado anazipenda. Kwa hiyo ni bila waya. Kwa hiyo ni kadi. Kwa hiyo nimeanza kusoma habari za kadi za mtandao, mimi ambaye hesabu ilinikimbia nikiwa bado nimevaa sare ya shule.

Na si mchezo. Ijumaa ya wiki ijayo nina usaili. Kuna kampuni ya samani inatafuta watu wa kujibu wateja wakiwa majumbani kwao. Wanataka kompyuta ya mwombaji mwenyewe, na watapima mtandao wake papo hapo. Simu hawaitaki. Nikipata, nafanya kazi Meneja akiwa mbele ya macho yangu. Nikikosa, mwisho wa mwezi narudi kwenye zamu ya kufua shuka hotelini. Natoka hajaamka, narudi amelala. Mwanangu nitamjua kwa harufu ya nywele tu.

Jumanne, 4 Machi

Meneja amekagua kompyuta. Amepitisha biskuti kwenye matundu ya feni. Si biskuti kavu, ile iliyokwisha kutafunwa nusu. Nimeitoa kwa kibano cha nyusi, roho mkononi.

Nikapata wazo. Wazo zuri kuliko yote niliyowahi kupata tangu nijifungue. Baba Meneja alipohamishwa ofisi kule gereji alirudi na kabati la chuma, milango miwili, kitasa cha ufunguo. Limekaa kwenye kona linakula vumbi. Nikamwambia atoboe matundu ya hewa ubavuni na tundu moja nyuma la kupitisha nyaya. Akatoboa. Mume wangu ukimwambia atoboe kitu haulizi kwa nini, anauliza kwa ukubwa gani.

Kompyuta ndani ya kabati. Skrini yenye kamera yake juu ya kabati. Ufunguo mfukoni kwangu. Meneja alilipiga kabati makofi, akalisukuma kwa tumbo, akakaa chini akalitazama. Nimemwonea huruma, lakini sheria ni sheria. Akilala nitalifungua milango yote lipumue, maana lina joto. Akiamka nalifunga.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda duka la vifaa. Muuzaji ni kijana mpole, anavaa miwani juu ya kichwa na kuitafuta mezani. Akanitolea kadi za kila aina. Kuna ya kuchomeka nje, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Kuna ya kuingia ndani ya kasha, kwenye ubao mkubwa, ina antena mbili zinazosimama nyuma. Kuna ya antena nne, ina hata vazi jekundu la kupoza joto, ukiiona unajua hii imesoma.

Akaniuliza nyumba ni ya ukuta wa aina gani, ruta iko wapi, kompyuta inakaa mezani au sakafuni. Nikamwambia inakaa salama. Akaniangalia. Nikamwambia sitaki kuchunguzwa, nataka kadi. Nikachukua ile ya ukucha, kwa sababu haina makuu.

Nimeichomeka huku Meneja yuko kiunoni anataka kuimeza. Nikafunga kabati haraka. Kwenye skrini kikatokea kijiti kimoja cha mtandao, kikakaa kidogo, kikaondoka bila kuaga.

Mama Pacha, yule mpangaji wa upande wa pili wa ua, akaingia kuazima chujio. Huyu anafanya kazi kampuni hiyo hiyo, na ndiye aliyeniambia kuhusu nafasi. Nashukuru. Ila haachi kusema. Kompyuta yake ya mapajani inashika mtandao jikoni, inashika uani, inashika mpaka bafuni. Nikamuuliza bafuni anajibu wateja gani. Akacheka, akaondoka na chujio langu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudisha ukucha dukani. Safari hii muuzaji akanishauri nichukue kadi yenye antena ya kukaa pembeni, ina kitako cha sumaku na waya wake, unaiweka popote upendapo. Dada, nilitaka kucheka. Mtu nimekuja kutafuta kitu kisicho na waya, ananiuzia waya! Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi si wa leo. Ya antena nne ilikuwa imeshanunuliwa, eti na mtoto wa shule wa kucheza michezo. Nimechukua ya antena mbili.

Meneja alipolala mchana nikafungua kabati, nikafungua kasha. Ile kadi ya picha uliyonitumia, dada, ni kubwa kama tofali, imelalia nafasi mbili. Nikapata kipachiko kifupi cha kuchomeka kadi juu yake. Kadi ikaingia kwa mlio mdogo mtamu. Nikakaza antena kwa nyuma. Kisha ikataka programu yake, na programu iko kwenye mtandao, na mtandao unataka programu. Mwisho nikaichomeka simu kwenye kompyuta, simu ikaivuta ile programu.

Vijiti vyote. Vyote! Nikatazama video ya mtu anafundisha kukunja shuka lenye mpira, mwanzo mpaka mwisho, haikukwama hata mara moja. Nikamwita mama mkwe aje aone. Akaona. Akaniambia shuka lile yeye angelikunja vizuri zaidi.

Kisha Meneja akaamka. Nikafunga kabati kama kawaida, nikatia ufunguo mfukoni, nikamnyanyua. Kugeuka, mtandao hakuna.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeupata ugonjwa wa mtandao. Ninaandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu yeyote isipokuwa wewe.

Ni Meneja.

Usicheke. Nimefuatilia. Amelala, vijiti vyote. Ameamka, hakuna. Mama mkwe amemchukua kuota jua uani, nikafungua kabati lipumue, vijiti vyote. Amerudi, nikafunga, hakuna. Akalala tena, vyote. Mtandao unamwogopa mwanangu.

Nilimwambia baba yake akinawa mikono ya oili. Nilidhani atanicheka. Akafikiri sana, akasema kule gereji kuna gari redio yake inakoroma mwenye gari akiingia, akitoka inatulia. Halafu akamtazama Meneja kwa heshima. Akasema kitoto hiki kina nguvu, hajawahi kuona mtoto wa umri huu anang'oa mpini wa droo.

Jumapili, 9 Machi

Majaribio. Baba Meneja ametembea na Meneja ukumbini, kwenda na kurudi, mimi nimekaa mbele ya skrini. Kabati nilikuwa nimelifunga, maana yeye huachia mtoto bila taarifa. Karibu, hakuna mtandao. Mbali kidogo, hakuna. Wakaenda mpaka barabarani. Nikaona sasa ni salama, nikafungua milango, na papo hapo mtandao ukarudi. Kwa hiyo nguvu zake zinafika mpaka barabarani. Baba Meneja amefurahi kama mtu aliyeambiwa mwanawe ameongoza darasa.

Mama mkwe hakufurahi. Alisikia, akaja na mkono kiunoni. Akasema ameishi miaka mingi hajasikia mtoto wa mtu kuzuia chochote isipokuwa usingizi. Akasema kama kuna kitu kibovu humu ndani ni kile kidude kilichotoka dukani, si mjukuu wake. Akamchukua Meneja akamfutafuta uso kwa kanga, utadhani nilikuwa nimempaka masizi.

Nimebaki naangalia skrini. Kazi hii naitafuta ili nikae na mwanangu. Na kazi hii haitafanyika mwanangu akiwepo. Nimefikiri hivyo huku nakunja nguo zake, soksi hizi ndogo dada, kama za mdoli, na nikalazimika kwenda kuosha uso.

Jumanne, 11 Machi

Mama Pacha amerudisha chujio. Akasimama mbele ya kabati langu. Akaliangalia juu, akaliangalia chini, akagonga mlango kwa kidole. Akaniuliza hivi hilo kabati ni chuma tupu? Nikasema chuma tupu, halina mchezo. Akauliza kama kompyuta inakaa humo humo ndani na milango imefungwa. Nikasema humo humo. Akasema labda niitoe nje nijaribu.

Nimemwelewa kabisa. Pacha wake wamemvunjia vitufe vya kompyuta, herufi ya M anaibonyeza kwa kijiti cha kiberiti. Kabati hana. Nikamwambia nitalifikiria. Siku nikihama nitamwachia, moyo wangu hauna kinyongo.

Mpango wa Ijumaa huu hapa. Mama mkwe anamchukua Meneja sokoni kabla ya usaili, wasirudi mpaka nimalize. Mama mkwe alikubali kwa sharti moja, kwamba nisiseme tena mbele ya mtoto maneno ya nguvu za ajabu. Nikakubali.

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi. Nimevaa blauzi ya mahafali, chini nimevaa kanga. Meneja kwa bibi yake, kabati wazi, mtandao safi. Nimejibu maswali mbele ya skrini tupu kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Meneja akarudi kabla ya wakati akanikuta naongea peke yangu, akaketi mlangoni kunikagua. Nikalifunga kabati. Tukaangaliana.

Nilimwambia kwamba kesho nampenda vile vile, ila akae mbali. Alinipa kipande cha kitambaa alichokuwa anakinyonya. Nimekipokea. Kwake hiyo ni zawadi kubwa.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika taratibu.

Mama mkwe akaondoka na Meneja. Mimi na blauzi. Kabati wazi. Msaili akatokea kwenye skrini, mwanamke wa makamo, sauti ya kukatakata. Akapima mtandao, akasema ni mzuri. Akaniuliza ya uzoefu. Nikajibu. Nikaanza kujisikia mtu.

Nikasikia kilio ukumbini. Kile kilio dada, unakijua, kinachopanda ngazi. Meneja alikataa kuvuka geti. Alilala chini mbele ya watu, mama mkwe kambeba kama gunia akamrudisha. Meneja akaniona. Akanyoosha mikono.

Mikono yangu ikafanya ilichozoea. Nikaruka, nikafunga kabati, ufunguo nikauacha mezani. Nilipogeuka msaili alikuwa ameganda mdomo wazi. Mtandao umekwenda.

Nikamwambia mama mkwe amtoe, amtoe upesi. Meneja akaung'ang'ania ukosi wa blauzi yangu, kifungo kikaruka. Mama mkwe alimvuta, mimi nilimwambia mtoto aachie, na mtoto akaniangalia. Hakulia. Aliniangalia tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amekosa nini. Nikashindwa. Nikasema basi. Kazi na iende. Nikamchukua nikampakata, nikamwambia atulie, na nikakaa mbele ya yule msaili aliyeganda, Meneja amenikumbatia shingo.

Mama Pacha akaingia mbio, kasikia kelele. Alitaka kumpokea Meneja, Meneja akamgeuzia mgongo. Mama Pacha akatazama skrini, akatazama kabati, akachukua ufunguo mezani bila hata kuniomba. Akafungua milango yote miwili. Kisha akavuta kigoda akakaa pale mlangoni pa kabati, mgongo kwa kompyuta, kama askari. Nikajua amekuja kulikagua vizuri. Sikuwa na nguvu ya kugombana.

Msaili akatikisika. Akarudi. Sauti kwanza, kisha uso. Akasema alinipoteza kidogo, na akaona nina mgeni. Nikataka kuomba radhi, lakini akaendelea. Akauliza nitafanya nini nikipata mteja anayepiga kelele, hataki kusikia, anarudia lile lile.

Na Meneja pale pale akaanza. Anataka kubonyeza vitufe, mimi nimemshika mikono, kelele mpaka darini. Nikasahau kwamba naulizwa. Nikamgeuza anitazame, nikamwambia kama ninavyomwambia kila siku.

"Nimekusikia. Unataka hiki. Hiki sikupi, ni cha kazi. Nitakupa kile pale, na nakupa sasa hivi."

Nikampa kijiko cha mbao. Akanyamaza. Akaanza kupiga meza kwa kijiko, taratibu, kama anayefikiri.

Kwenye skrini kimya. Nikadhani ameganda tena. Kumbe anaandika. Akainua uso akasema, "Endelea hivyo hivyo. Swali linalofuata."

Msaili akaaga. Mama mkwe alikuwa anajifuta jasho, Mama Pacha bado yuko kwenye kigoda. Akaniambia, "Shoga, nakuomba kitu kimoja. Hii milango usiifunge unapofanya kazi. Chuma hiki." Nikamshukuru kwa kuja. Nikampa chujio alichukue kabisa, lisirudi.

Jumapili, 16 Machi

Wameniandikia. Nimepata, dada. Naanza mwezi ujao. Baba Meneja ameniinua juu nikiwa na Meneja mkononi, tukawa ghorofa. Mama mkwe kaenda kulia chumbani kwake, akarudi anasema ni vumbi.

Sirudi kwenye zamu ya shuka. Nitamwona mwanangu akila chakula cha mchana kila siku. Hata sasa ninapoandika yuko hapa mguuni, anaikagua kalamu.

Nimeshalitatua lile jambo la mtandao, tena peke yangu. Tatizo si Meneja kuwepo, tatizo ni Meneja kuwa mbali na mwili wangu. Nilipompakata, mtandao ulirudi. Mashahidi ninao, watu wazima wawili. Kwa hiyo zamu zote nitazifanya akiwa mapajani. Mama Pacha nilimweleza, akafunika uso kwa mikono, nadhani hakutegemea ningegundua. Lile kabati nalo aliliacha wazi mpaka usaili ukaisha, ni bahati tu hakuna biskuti iliyopita. Nimeshalifunga. Na nimegundua kidole cha Meneja kinaenea kwenye yale matundu ya ubavuni.

Kwa hiyo kwenye kifurushi kinachofuata naomba hivi tu, sitaki kukusumbua. Mkanda wa kumfungia mtoto mapajani, ule mpana. Kadi ya antena nne, ile yenye vazi jekundu, kwa siku ambazo Meneja atakuwa mzito. Vijiko vya mbao, vitatu au vinne, tofauti tofauti, anachoka haraka. Kifungo cha blauzi cha rangi ya maziwa. Kufuli la pili la kabati, kubwa kuliko hili. Mpira wa kuziba kingo za milango, pasibaki hata ufa. Na bati, dada, bati nene kabisa mtakalokuwa nalo hapo dukani, la kuyafunika matundu yote.